Mafundisho ya Ubatizo Manyatta, Kisumu: Maoni ya Fundi wa Kanzu

Nashona kanzu za ubatizo sokoni Kibuye, kwa hivyo nakutana na watu wengi wiki ile ya mwisho kabla hawajaingia majini. Nikiwapima mabega na urefu, tunazungumza. Wengine hunieleza kwa furaha walichosoma tangu waanze mafundisho. Wengine wanajua tarehe na rangi ya kanzu, basi. Hawa wa pili ndio walionisukuma kuandika, maana liko darasa hapa Kisumu ambalo ningependa kila mmoja wao alipitie kwanza.

Ni darasa la kanisa moja la mabati huko Manyatta, upande wa kuelekea Kondele. Mwalimu ameniomba nisitaje jina lake wala la kanisa, naye ni mtu mzima ninayemheshimu, kwa hivyo anayetaka kufika aje aniulize. Mjue pia kwamba baadhi ya kanzu wanazotumia nimezishona mimi na nikalipwa. Darasa lenyewe ni bure. Mtu huchangia shilingi 50 za fotokopi, na asiye nazo haulizwi.

Mimi ni mzaliwa wa Kaimosi, kaunti ya Vihiga. Anayepajua Kaimosi ameshaelewa: kwetu ni kwa Marafiki, Wakristo ambao wengi huwaita Friends au Quakers. Wamisionari wao kutoka Marekani walifika pale mwaka 1902, na leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Kwao hakuna ubatizo wa maji, wala mkate na kikombe cha meza ya Bwana. Wanafundisha kwamba ubatizo wenyewe ni ule wa Roho, ndani ya mtu. Mama yangu ameomba kila alfajiri tangu nikiwa mtoto, na hajawahi kuzamishwa wala kunyunyiziwa tone. Nilipohamia Kisumu kikazi nikaanza kutamani ubatizo wa maji, lakini nilitaka mtu atakayenifundisha bila kumtukana mama. Mahali pa kwanza nilipoingia, mhubiri aliniambia mbele ya watu kwamba Marafiki wote ni wapagani wanaobeba Biblia. Sikurudi.

Huku Manyatta anayefundisha ni mama aliyestaafu ualimu wa shule ya msingi. Ana ubao, ana chaki, na ana desturi ya kumtazama anayeuliza mpaka amalize. Siku yangu ya kwanza nilimweleza habari za nyumbani kwetu nikauliza kama mama yangu si Mkristo. Alifungua Mathayo 3, pale Yohana anaposema yeye anabatiza kwa maji ila anakuja mwingine atakayebatiza kwa Roho Mtakatifu na kwa moto. "Marafiki wamesimama hapa," akasema. "Wamesimama kwenye Neno, hawakuokota barabarani." Kisha akatupeleka Wakorintho wa Kwanza mlango wa 1, ambapo Paulo anashukuru kwamba aliobatiza pale Korintho ni wachache, na kwamba Kristo hakumtuma kubatiza bali kuihubiri Injili.

Nilishangaa mwalimu wa ubatizo kuanza na mistari inayompa yeye mwenyewe kazi ngumu ya kujibu. Baada ya hapo ndipo akasoma mwisho wa Mathayo, amri ya kuyafanya mataifa yote kuwa wanafunzi na kuwabatiza, halafu Matendo 10, nyumbani kwa Kornelio. Watu wa nyumba ile walikwisha kumpokea Roho Mtakatifu kabla ya maji kutajwa, na bado Petro akauliza ni nani awezaye kuwakataza maji, akaagiza wabatizwe. "Kwa sababu hiyo sisi hapa tunabatiza," akamaliza. "Na mama yako, ukimpigia simu leo, nisalimie." Nilimpigia jioni ileile.

Darasa zima linakwenda hivyo. Kila kikao kina kifungu kimoja, nacho husomwa chote kabla mtu yeyote hajatoa maoni. Kila mmoja huja na Biblia aliyo nayo: wengi ile ya Kiswahili ya mwaka 1952 tuliyokua nayo, wachache Habari Njema, wengine ya Dholuo, na mimi na jirani yangu tunabeba ya Kiluhya. Anayesoma kwanza ni yule ambaye kikao kilichopita hakusema kitu. Kwetu kulikuwa na nyanya mmoja kutoka Nyalenda ambaye hakusoma shule. Katika madarasa mengine mtu kama huyo huketishwa nyuma, akaambiwa aseme amina. Mwalimu alimpa kazi ngumu kuliko zetu: kifungu kikishasomwa mara mbili, nyanya ndiye alikisimulia upya bila kuangalia popote.

Alipofika Matendo 8 sote tuliacha kalamu. Alimsimulia yule mkuu wa Kushi, mtunza hazina ya malkia Kandake, anarudi kutoka Yerusalemu kwa njia ya Gaza, ameketi garini anamsoma Isaya na haelewi. Filipo anakimbia kando ya gari na kumwuliza kama anayafahamu anayoyasoma, naye anajibu kwamba hawezi mtu asipomwongoza. Nyanya alisimama hapo, akatugeukia. Akasema: mtu mkubwa namna ile, mwenye funguo za hazina, na hakuona haya kusema haelewi. Halafu akaendelea mpaka maji yalipoonekana njiani. Hakuruka neno lenye maana hata moja. Tangu siku ile vijana waliokuwa wakinyamaza kwa kuogopa kuchekwa walianza kuuliza.

Swali lililochukua muda mrefu kuliko yote liliulizwa na kijana wa bodaboda. Alibatizwa akiwa mchanga katika Kanisa Katoliki, wazazi wake na msimamizi wake wa ubatizo wangali hai, na sasa anasali nasi. Abatizwe tena au la? Nimesikia swali hilo likijibiwa kwa nusu dakika, na aliyejibiwa hivyo huenda nyumbani akagombana na baba yake. Mwalimu alilipa kikao kizima. Alieleza kwa haki kwamba Wakatoliki na Waanglikana wakishambatiza mtu kwa maji kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu hawarudii, na kwamba ukiri wa imani wa karne ya nne unaosemwa makanisani mwao unataja ubatizo mmoja. Alieleza kwamba kanisa letu linaamini imani ya mtu mwenyewe hutangulia, na kuzamishwa hufuata. Tukasoma Matendo 16, Lidia na nyumba yake, kisha mlinzi wa gereza la Filipi aliyebatizwa usiku uleule, yeye na watu wake wote. Anayebatiza watoto anasema: watu wake wote, bila shaka na wadogo walikuwemo. Anayebatiza watu wazima anasema: angalia, neno la Bwana lilisemwa kwa wote waliokuwamo nyumbani, na wote walifurahi kwa kumwamini Mungu. Mwalimu aliyaandika yote mawili ubaoni, akamwambia kijana akazungumze kwanza na wazazi wake na katekista aliyemfundisha zamani, kisha aje aseme lililo moyoni mwake. Mpaka ninapoandika hajabatizwa kwetu. Anakuja kila Alhamisi kwenye kikundi cha kusoma Biblia, anasoma, anaomba, na hakuna anayemwangalia vibaya.

Ninaipenda subira hiyo kuliko kitu kingine chochote katika darasa hili. Mjini mwetu kuna krusedi ambapo mtu huokoka saa kumi na kufikia saa kumi na moja yuko ziwani. Wenye kufanya hivyo hutaja wale watu kama 3,000 waliobatizwa siku moja katika Matendo 2, na kweli imeandikwa. Ila mstari unaofuata unasema walidumu katika fundisho la mitume, na ushirika, na kuumega mkate, na kusali. Aliyebatizwa saa kumi na moja, na kesho yake mhubiri ameshapanda basi kwenda Eldoret, anadumu katika fundisho la nani? Nimewashonea watu kanzu, na mwaka haujaisha nikawakuta hawakumbuki waliahidi nini.

Sasa yale yasiyoniridhisha. Karatasi za fotokopi zimeandikwa kwa Kiingereza. Darasa linafundishwa kwa Kiswahili, tunaulizana kwa Kiswahili na Dholuo, halafu tunapewa karatasi ambazo nusu yetu tunazikunja na kuziweka ndani ya Biblia bila kuzisoma. Nyanya wa Nyalenda alikuwa akimpa mjukuu wake wa darasa la saba amtafsirie, na mtoto mwenyewe alikwama. Mwalimu anaweza kuziandika upya kwa Kiswahili kizuri sana. Anachohitaji ni mtu wa kumpigia chapa, na kanisa lina vijana wenye kompyuta.

Shida nyingine ni siku. Darasa la asili ni Jumapili baada ya ibada ya pili, na Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko la Kibuye. Watu wanatoka Siaya, Kakamega, Bondo, mitumba inamwagwa mpaka kando ya barabara. Mfanyabiashara akikosa Jumapili amekosa wiki. Tulilalamika, na wazee wakasikia, wakafungua darasa la pili Jumanne saa kumi na mbili jioni. Hilo ndilo nililomalizia. Linakwenda polepole kidogo kuliko la Jumapili, watu wakiwa wamechoka, lakini mafundisho ni yaleyale na huchukua karibu muhula mmoja wa shule. Wenye watoto wadogo bado hawana mtu wa kuwashikia.

Ubatizo wenyewe hufanyika ziwani, Dunga, Jumamosi asubuhi. Wazee huzungumza mapema na wavuvi wa pale, maana hao ndio wanaojua viboko wako upande gani na upepo umesukuma magugu maji wapi. Siku yetu magugu yalikuwa yameziba sehemu waliyoizoea, tukasogezwa mpaka penye maji yaliyo wazi. Pasta na mzee mmoja husimama majini, mmoja kila upande wa mtu. Humwuliza maswali kwa sauti ya kusikika ufuoni: unaamini nini, unakataa nini, utakaa na watu wa Mungu? Hawaharakishi. Mama yangu alikuja kutoka Kaimosi, akasimama na kitambaa chake kichwani, akaomba kimyakimya kama wanavyoomba kwao. Pasta alipomwona alimwita mbele akamshukuru kwa kunilea. Tangu siku hiyo siruhusu mtu aliseme vibaya kanisa hili la Manyatta mbele yangu.

Lakini kuna jambo la afya ambalo wazee wanapaswa kulibeba. Ziwa letu lina kichocho. Konokono wadogo wanaokibeba hupenda maji ya kina kifupi yaliyotulia, penye majani na matope, na vijidudu wanaotoka kwao hupenya ngozi ya mtu aliyesimama tu majini, hata asipokunywa. Hutoka kwa wingi jua likiwa kali, mchana. Darasani hakuna aliyetuambia haya. Mimi niliyapata kwa mhudumu wa afya wa mtaani kwetu, ambaye pia ni mteja wangu. Yanayoweza kufanywa si makubwa: waanze mapema asubuhi, wasipitie kwenye mafunjo, kila mtu angoje zamu yake nchi kavu badala ya kupangwa majini huku wakiimba, na baadaye waende pamoja kituo cha afya wakapimwe. Dawa yake ni prazikwanteli, na huua minyoo iliyokwisha kukomaa, ndiyo maana kuimeza siku ileile ya ubatizo hakusaidii sana. Husubiriwa wiki sita hadi nane. Wazee nimewaeleza. La kungojea nchi kavu wamelikubali, la kituo cha afya bado wanalizungumza. Kwa maoni yangu wangejenga birika la saruji nyuma ya kanisa wamalize. Mlinzi wa Filipi alibatizwa usiku, baada ya kuwaosha Paulo na Sila majeraha, wala haikuandikwa kwamba walimtafutia ziwa. Siku watakapoanza kuchanga, mifuko yangu ya saruji ipo.

Kuhusu kanzu nitasema kwa urefu, kwa sababu ni kazi yangu na kwa sababu heshima ya mtu siku hiyo inategemea kitambaa. Kanzu walizokuwa nazo zamani zilikuwa nyeupe, nyepesi, za tetroni. Kabla hazijalowa hujaa hewa zikapanda mpaka kiunoni, na zikishalowa hung'ang'ania mwili na kuonyesha kila kitu. Nimemwona msichana akitoka majini mikono yote miwili ikishikilia nguo, siku ambayo alipaswa kuiinua kumshukuru Mungu. Kanzu ya ubatizo ishonwe kwa pamba nzito kama dril. Iwekwe bitana kutoka kifuani hadi magotini. Mikono iwe myembamba, shingo ipitishe kichwa kilichosukwa bila kuvutana, na pembeni iwe na mpasuo mfupi ili mtu apige hatua kwenye mchanga. Pindo liwe na uzito. Mimi hutumia vile vipande vya risasi ambavyo wavuvi huweka kwenye nyavu, nikivifungia ndani ya kitambaa mara mbili visitoke. Na kanzu si lazima iwe nyeupe. Buluu iliyokolea inasitiri zaidi, na hakuna mstari wa Biblia unaoikataza.

Sasa kanisa lina kanzu za saizi mbalimbali za kuazima, zinafuliwa na kupigwa pasi kila baada ya ubatizo, na mnene kwa mwembamba anapata inayomtosha. Kimebaki chumba cha kubadilishia. Akina mama wawili kushikilia leso hakutoshi upepo wa ziwani ukivuma. Hema ndogo ya kukodi ingetosha.

Baada ya maji, makanisa mengi humpa mtu cheti na kumwachia Jumapili. Hapa unapewa cheti na kikundi. Vikundi hukutana Alhamisi jioni majumbani, na mwenyeji hubadilika. Kuna sheria moja ambayo mwanzoni niliiona ngumu: chai na kitu kimoja tu cha kutafuna, nyoyo (mahindi na maharagwe ya kuchemsha) au njugu au mandazi, hata kama mwenyeji ana uwezo. Nilipoona mama mwenye chumba kimoja Nyalenda akitukaribisha bila wasiwasi wowote, niliwaelewa waliouweka utaratibu huo.

Kikundi chetu kilianza na Injili ya Marko, milango 16, mlango mmoja kila wiki. Tulipofika mlango wa 4, ile dhoruba, tulikuwa na mvuvi wa Dunga aliyebatizwa pamoja nami. Imeandikwa Yesu alikuwa amelala nyuma ya chombo, juu ya mto. Sisi tulipita hapo haraka kuelekea upepo kukemewa. Mvuvi akaturudisha. Akasema nyuma ya mtumbwi ndiko mtu aliyechoka hulala usiku, lakini mawimbi yakiwa yanawafuata, ndiko maji yanakoingia kwanza. Kwa hivyo yule aliyelala ndiye aliyekuwa akilowa kuliko wote, na bado alilala. Akatueleza usiku mmoja wake katikati ya ziwa, taa za Kisumu hazionekani, na jinsi wanaume wazima wanavyolia. Tulisoma kifungu upya. Nimesikia mahubiri mengi juu ya dhoruba ile, sikuwahi kuisikia hivyo.

Hatari ya vikundi hivi ni pesa. Ninavijua vikundi vya Biblia hapa mjini ambavyo vimegeuka chama: dakika kumi za Neno, saa nzima ya kuhesabu michango, na asiye na mchango anaacha kuja. Kwetu walio na chama hukutana siku nyingine, na kitabu cha hesabu hakifunguliwi Alhamisi. Wamelishika hilo vizuri. Wasichokishika vizuri ni viongozi. Mwalimu wetu wa darasa ana kipawa cha kunyamaza watu wengine waseme, na viongozi wa vikundi wengi hawana. Nilipotembelea kikundi kimoja upande wa Kondele, kiongozi alihubiri mwenyewe mwanzo hadi mwisho, na wale waliokuja na maswali waliondoka nayo. Mwalimu angewafundisha viongozi kabla ya kuwapa watu. Wanaume nao ni wachache, hasa walinzi, ambao huingia zamu saa kumi na mbili jioni. Kungekuwa na kikundi cha asubuhi wangekuja, wawili watatu wameniambia hivyo wenyewe.

Darasa jipya huanza baada ya Pasaka na jingine Septemba. Huhitaji barua ya mtu wala kitambulisho cha kanisa lolote. Kama hujui njia, uliza kwanza Kibuye kwa fundi wa kanzu, kisha panda matatu ya Kondele. Njoo na Biblia ya lugha yoyote, daftari na kalamu. Kama umebatizwa utotoni, sema siku ya kwanza ili upewe muda wako. Na kama unaogopa maji, sema pia, mapema: wanamweka mzee wa tatu nyuma yako, na siku moja kabla wanakupeleka Dunga ukaone mahali utakaposimama.